Jina Alilolifuta Hafidh

Waliokuwa nami wiki iliyopita wanajua kwamba Hafidh Massoud alitia saini saa nne asubuhi, na ilipogonga saa tano Noa akatiwa pingu mbele ya duka lake mwenyewe.

Aliyelipata gazeti leo kwa mara ya kwanza namfungulia njia kidogo.

Hafidh ni Mpemba wa Wete aliyeletwa Tanga na kazi. Alikuwa mkuu wa chumba cha kompyuta katika shirika moja la umma. Noa, Mbondei wa Muheza, alikuwa chini yake, akifuta vumbi na kubadilisha karatasi. Shirika likafilisiwa, mali ikapigwa mnada. Noa akanunua kompyuta sita, akafungua duka la intaneti Chumbageni. Hafidh akafungua kibanda cha ufundi Makorora, akawa anaitwa na Noa kuzitengeneza kompyuta zilezile alizokuwa akizitawala.

Alikwenda, akatengeneza, akasema ahsante. Lakini moyoni kulikuwa na kaa la moto.

Mei ya mwaka 2002 meneja mpya wa kiwanda cha kamba za mkonge akapata barua kwa intaneti. Kiwanda kilikuwa kimeuzwa, na wafanyakazi wa zamani waliamriwa wahame nyumba za kambi. Barua haikuwa na jina. Ilisema: "Mkitutoa kwenye nyumba hizi, mtakiona cha moto." Siku nne baadaye ghala la kiwanda likaungua, na mlinzi mmoja akaungua mikono yote miwili.

Polisi wakafuatilia, wakaona barua imetoka dukani kwa Noa. Wakatafuta fundi wa kuzisoma kompyuta zile. Tanga mafundi wa namna hiyo walikuwa wachache. Wakamchukua Hafidh.

Sasa, kompyuta ikiingia intaneti hujiandikia yenyewe. Ile programu ya kufungulia kurasa, ambayo siku hizi tunaiita kivinjari, huweka orodha: ukurasa gani, siku gani, saa ngapi. Tena hukata vipande vya ukurasa ikavificha pembeni, ili kesho ukirudi ufunguke upesi. Mtu huondoka, nyayo zake zikabaki.

Kwenye mashine namba tatu Hafidh alizikuta nyayo za barua ile. Jumanne, tarehe kumi na nne, saa moja na dakika ishirini na tano asubuhi. Wakati huo duka bado halijafunguliwa, na mwenye ufunguo ni Noa.

Lakini alikuta na jingine. Siku nne mbalimbali, saa moja na robo asubuhi, katika mashine hiyohiyo, palikuwa pamefunguliwa sanduku la barua la Tuhfa.

Tuhfa ni mkewe.

Hilo hakuliandika katika taarifa yake. Aliandika la Noa tu, akatia saini. Na hapo ndipo tulipoishia.

Hafidh mwenyewe aliponisimulia haya alinishika mkono akasema, "Andika kama yalivyokuwa. Usinipambe."

Basi simpambi.

*

Siku ile Noa alipokamatwa, Hafidh alirudi nyumbani Makorora anatembea kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba. Akamkuta Tuhfa barazani, kitambaa mkononi, macho mekundu.

"Baba Samira, umesikia? Noa kakamatwa."

"Nimesikia."

"Wanasema umetoa ushahidi wewe."

"Mashine ndiyo iliyotoa ushahidi. Mimi nimeisoma tu."

Tuhfa akaanza kulia upya. Si kilio cha mtu aliyesikia habari mbaya ya jirani. Alilia mpaka mabega yakatikisika.

Hafidh akamtazama. Mama yake Hafidh alipofariki Wete, mwanamke huyu alilia siku moja akanyamaza. Leo analia hivi kwa ajili ya Noa.

"Unamlilia Noa?"

"Namlilia mtu asiye na hatia."

"Umejuaje kama hana hatia?"

Tuhfa akanyamaza ghafla. Ule ukimya ulimchoma Hafidh kuliko kilio.

"Nikuulize, Mama Samira. Asubuhi saa moja, ukitoka hapa, huwa unakuwa wapi?"

"Njiani, naenda kufundisha chekechea. Wakati mwingine napitia kwa baba, kule Mabawa. Kwani hujui?"

Alijibu bila kupepesa macho. Hafidh akasema moyoni mwake: ala, kumbe mke wangu ni mwongo hodari kiasi hiki!

Usiku chakula kilipowekwa hakula. Alikaa anakumbuka mambo madogomadogo. Mwaka ule Noa alipokuja kumwamkia siku ya Idi akasema, "Bosi, shemeji ana akili kuliko sisi sote." Siku ile Tuhfa alipomsifu Noa kwa kuanza biashara huku wenzake wakilalamika vijiweni. Kila neno likapata maana mpya. Wivu ni fundi, wasomaji wangu, unaweza kumjengea mtu nyumba nzima kwa msumari mmoja.

*

Siku ya nne yake, akiwa kibandani anachomea waya wa redio, aliona mtu amesimama mlangoni anamzibia mwanga. Alikuwa Dorkasi, mkewe Noa. Amejifunga kitenge, kwapani amebana daftari kubwa la jalada gumu.

"Kaka Hafidh, habari za hapa?"

"Nzuri. Kama umekuja kuniomba nibadilishe maneno, umepoteza nauli."

"Sikuja kuomba. Nimekuja kukwambia jambo usilolijua." Akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Mnasema barua ilitumwa saa moja asubuhi. Saa moja asubuhi mimi na Noa tunambadilisha nguo mama yake. Amepooza tangu Pasaka. Mimi nashika miguu, yeye anashika mabega. Hatuna siku ya kupumzika, hata Jumapili. Noa hafiki dukani kabla ya saa nne. Ufunguo ninao mimi, na nafungua saa mbili."

"Mke lazima amtetee mumewe."

"Kweli."

"Na huenda mume ana ufunguo wa pili usioujua wewe."

Alisema hivyo kwa sumu, akitaka imwingie. Dorkasi akamtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Kaka Hafidh, wewe una lako moyoni. Lakini tuliache. Niambie, hiyo saa moja mmeitoa wapi?"

"Kwenye mashine namba tatu. Mashine haina rafiki wala adui. Haisemi uongo."

"Namba tatu?" Dorkasi akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Hiyo namba tatu kila asubuhi ikiamka haijui hata ni mwaka gani! Betri yake ya ndani imekufa. Si wewe mwenyewe uliyemwambia Noa aagize nyingine Dar? Mimi ndiye ninayeiwekea tarehe na saa kila nikifungua."

Hafidh akaweka chini chuma cha kuchomelea.

Ni kweli. Alisema yeye. Mwezi wa pili, mbele ya mashine ileile, akiwa na bisibisi mkononi. Na alipokuwa anasaka nyayo za Tuhfa hakulikumbuka.

"Unaiwekaje hiyo saa?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Natazama saa ya ukutani. Ikiwa saa mbili naandika mbili. Ikiwa saa mbili na dakika kumi, naandika mbili na kumi. Kuna jingine?"

Kulikuwa na jingine. Kompyuta haihesabu saa kama tunavyohesabu sisi. Saa mbili yetu ya asubuhi, kwake ni nane. Mbili kwake ni saa nane ya usiku. Dorkasi, kwa nia safi kabisa, kila siku alikuwa akiirudisha nyuma mashine ile saa sita nzima.

Hafidh akahesabu kwa vidole kama mtoto. Saa moja na robo asubuhi, ukiongeza saa sita, ni saa saba na robo mchana. Saa moja na dakika ishirini na tano inakuwa saa saba na dakika ishirini na tano.

Saa saba mchana duka liko wazi, limejaa watu, na chekechea ya Tuhfa imeshafungwa.

Kwa hiyo mkewe hakujifungia na mwanamume ndani ya duka alfajiri. Alikuwa mteja miongoni mwa wateja. Hafidh alisikia kama mtu amemwondolea gunia la chumvi mgongoni.

"Hilo daftari ni la nini?" aliuliza.

"La wateja. Nimelileta uone kwamba Jumanne ile mteja wa kwanza aliingia saa mbili na dakika kumi, kabla yake hakuna mtu."

Dorkasi akalifungua mapajani, akageuza mpaka tarehe kumi na nne. Hafidh akainama. Lakini kidole chake hakikusimama asubuhi. Kilishuka. Saa tano. Saa sita. Mashine namba tatu, saa saba kasorobo mpaka saa nane kasorobo.

T. Mwinyijuma.

Kidole kikaganda pale.

Dorkasi akasoma jina lile kimoyomoyo. Akasoma tena. Kisha akainua uso, na Hafidh akajua kwamba ameelewa. Tuhfa binti Mwinyijuma. Baba yake amesokota kamba kiwandani miaka thelathini, na nyumba yake ya kambi ni mojawapo ya zile zilizotakiwa ziachwe wazi.

Nje muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe.

"Naapa kwa Mungu, nilipotoka nyumbani sikulijua hili," Dorkasi akasema. Akalifunga daftari taratibu. "Sikuja kumwokoa mume wangu kwa kumtia mwenzangu ndani."

"Niachie hilo daftari."

"Hapana. Litarudi na mimi." Akasimama. "Alhamisi mnakwenda mahakamani. Mpaka Alhamisi nakuachia wewe. Usiposema wewe, kaka Hafidh, nitasema mimi."

*

Hafidh alikwenda moja kwa moja kituo cha polisi. Sajini Msafiri, mpelelezi wa kesi ile, alikuwa anakula mihogo juu ya majalada.

"Fundi! Umesahau nini?"

"Nataka kuisoma tena diski, afande. Kabla ya Alhamisi."

"Soma. Kazi yetu ni moja."

Safari hii Hafidh alisoma kama ilivyompasa kusoma siku ya kwanza, yaani tangu mstari wa juu mpaka wa chini, watu wote, siku zote. Akakuta mtu anasoma matokeo ya mpira wa Uingereza saa nane usiku. Mwingine anatafuta nafasi ya chuo saa tisa usiku. Kila siku hivyohivyo. Na ikifika saa nane mchana, kimya, hakuna mtu.

Kwa saa ya mashine, duka la Noa lilikuwa linafunguliwa saa nane za usiku na kufungwa saa nane za mchana. Mtoto wa darasa la tano angeliona. Hafidh, fundi wa miaka kumi na sita, hakuliona, kwa sababu alikuwa hatafuti ukweli. Alikuwa anatafuta mkewe.

Na hapa kuna jambo ambalo wiki iliyopita aliniomba nisiliseme. Leo amenipa ruhusa.

Siku ile ya kwanza Hafidh hakuishia kulinyamazia jina la Tuhfa. Alilifuta. Alichagua mistari yote minne, na vile vipande vya kurasa vilivyofichwa pembeni, na kijifaili kidogo kilichohifadhi jina la sanduku lake, akavifuta kimoja kimoja. Tena kazi ya namna hii hufanywa juu ya nakala, diski yenyewe ikawekwa kando isiguswe. Yeye alifuta juu ya diski yenyewe.

Hakumlinda mkewe. Alijilinda yeye, asije askari akasoma kwa sauti kwamba mke wa fundi huonekana kwa Noa alfajiri.

Sasa akatazama ile nafasi tupu aliyoiacha. Aliifuta kwa wivu. Lakini nani atakayesadiki? Mwanamke ameandika barua ya vitisho, na jina la mwanamke limefutwa na mumewe. Mahakama gani itaita jambo hilo wivu?

"Afande," akasema, "diski hii inaendelea kukaa hapa?"

"Yenyewe iko hapa. Nakala tumepeleka Dar juzi, kuna mtaalamu wa makao makuu anataka kuitazama. Ati wenzetu wana programu inayofufua hata vilivyokufa." Sajini akalamba chumvi kidoleni. "Mbona unatoka jasho, fundi?"

*

Alimkuta Tuhfa uani, ungo mapajani, anachagua mchele. Samira alikuwa madrasa. Hafidh hakuketi.

"Jumanne tarehe kumi na nne, saa saba mchana, ulikaa mashine namba tatu kwa Noa."

Mkono wa Tuhfa ukasimama juu ya ungo. "Ndiyo."

"Noa alikuwa wapi?"

"Mezani kwake, anakula. Unataka kujua na mboga?"

"Ulikuwa unamwandikia nani?"

Tuhfa akauweka ungo chini. Akajifuta mikono kwa kanga, akaitandaza magotini, akaikunja tena.

"Nilikuwa namwandikia baba. Barua nne. Ya kwanza wizarani. Ya pili kwa mbunge. Ya tatu gazetini. Hazikujibiwa. Ya nne ni ile ya kiwanda." Akamtazama usoni. "Maneno ni ya baba, vidole ni vyangu. Baba Samira, aliyeandika barua ile ni mimi."

Hafidh aliniambia, naye alipokuwa ananiambia hakunitazama: wallahi, kitu cha kwanza alichokisikia kifuani kilikuwa furaha. Mkewe hana mwanamume! Alitaka kucheka. Alitaka kumkumbatia palepale kwenye pumba za mchele.

Hofu ilikuja baadaye, kama mtu aliyechelewa mazishini.

"Mkamwandikia meneja kwamba mtachoma!"

"Nani kasema kuchoma? 'Mtakiona cha moto!' Nani Tanga hii hasemi hivyo? Baba humwambia hivyo hata mbuzi akila mchicha wake. Yule meneja mgeni katafsiriwa neno kwa neno. Ghala likaungua, basi, tumekuwa wachomaji. Baba usiku ule alikuwa na homa, nilikuwa naye mimi, wewe mwenyewe uliniletea dawa kule."

Ni kweli, alizipeleka.

"Kwa nini hukuniambia toka mwanzo?"

"Ningekwambiaje? Wewe ulikuwa umepeleka maombi ya kazi kwa meneja huyohuyo. Ulikuwa unaamka na kulala na barua ile ya maombi. Nilisema, akijua itamharibia. Wacha asijue."

Hafidh akaketi sasa, chini, kwenye mavumbi.

"Na Noa? Anajua?"

"Noa ndiye aliyenifungulia lile sanduku lisilo na jina langu. Siku ile alisimama nyuma yangu akasoma barua mpaka mwisho. Akasema, 'Shemeji, neno hili la moto litoe.' Sikulitoa." Akainama. "Siku tano yuko ndani. Wangekuwa wamekuja hapa siku ya kwanza tu kama angefungua kinywa. Hajanitaja."

Na palepale, ndugu zangu, katikati ya janga lile, kaa la moto likapulizwa tena.

"Kwa nini?" Hafidh akauliza.

"Kwa nini nini?"

"Mwanamume ana mke, ana mama mgonjwa, ana duka. Anakaa rumande kwa ajili ya mke wa mtu. Kwa nini?"

Tuhfa akauchukua ungo wake.

"Kamuulize mwenyewe," alisema.

*

Alhamisi mahakama ilijaa. Wazee wa kiwanda walikuja na kofia zao za vito, zile za kudarizi, wakaketi safu mbili. Mzee Mwinyijuma alikuwa mbele, bakora kati ya magoti. Tuhfa aliketi nyuma yake pamoja na wanawake. Dorkasi aliketi upande wa pili, daftari mapajani. Noa alisimama kizimbani na shati lilelile alilokamatwa nalo.

Hafidh alikuwa amepanga. Ataeleza habari ya saa. Noa atatoka. Jina hatalitaja, na Mungu atajua lililobaki.

Akaapishwa. Akaeleza. Betri iliyokufa, saa ya ukutani, mbili iliyokuwa nane. Watu wakacheka, hata karani. Mwendesha mashtaka akawa mwekundu wa masikio.

"Mheshimiwa, huyu ni shahidi wetu! Wiki iliyopita alisema saa moja asubuhi!"

"Nilikosea," Hafidh akasema. "Mtu huyu hakuwapo asubuhi ile. Hakuna aliyekuwapo."

Dorkasi akafumba macho, midomo yake inacheza. Noa alimtazama bosi wake wa zamani, akainamisha kichwa mara moja, kama kumwamkia.

Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, akaandika kwa utulivu. "Basi, shahidi. Kama barua ilitumwa saa saba mchana, saa hiyo nani alikaa kwenye mashine hiyo?"

Kabla Hafidh hajafungua kinywa, mlango ukafunguliwa. Sajini Msafiri akaingia na bahasha ya kaki. Akampa mwendesha mashtaka, akamnong'oneza. Yule bwana akasoma. Masikio yake yakarudia rangi yake.

"Mheshimiwa, hii ni taarifa ya mtaalamu kutoka Dar. Anasema katika diski ile kuna kumbukumbu zilizofutwa. Hazikufutwa na mteja wa dukani. Zimefutwa siku diski ilipokuwa mikononi mwa polisi. Siku aliyokabidhiwa fundi." Akageuka. "Shahidi, ulifuta kitu?"

Hafidh alikuwa na muda wa pumzi moja.

"Nilifuta."

Ukumbi ukavuma. Hakimu akagonga meza.

"Kwa nini?"

"Kwa wivu, mheshimiwa."

Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa, mpaka askari wa mlangoni akageuza uso. Hakimu hakucheka.

"Wivu juu ya nani?"

Hafidh akanyamaza. Hakimu akarudia.

"Mheshimiwa," sauti ikasema kutoka nyuma, "jina alilolifuta ni langu."

Tuhfa alikuwa amesimama. Baba yake aligeuka, akalishika buibui lake. "Keti, mwanangu. Keti!" Hakuketi.

"Wewe ni nani?"

"Tuhfa Mwinyijuma. Mke wa shahidi."

"Ulikuwepo dukani Jumanne ile, saa saba?"

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa unafanya nini kwenye mashine ile?"

Pale Hafidh alifikiri jambo ambalo hakuwahi kudhani mume anaweza kulifikiri. Alitamani lile la kwanza lingekuwa kweli. Alitamani mkewe awe amekwenda pale kwa ajili ya mwanamume. Mwanamke hafungwi jela kwa hilo. Angemwacha, angempa talaka tatu, lakini jela asingeiona.

Tuhfa akavuta pumzi.

"Mheshimiwa, msimsumbue bibi huyu."

Aliyesema ni Noa. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua kinywa tangu akamatwe, na sauti yake ilikuwa inakwaruza kwa kukaa kimya.

"Hakuja kuandika barua yoyote. Alikuja kuniona mimi."

Daftari likamponyoka Dorkasi, likaanguka sakafuni kwa kishindo, na hakuna aliyeinama kuliokota.

Hafidh alijua kuwa huo ni uongo. Alikuwa na ungamo la mkewe, alikuwa na saa, alikuwa na hesabu yake ya vidole. Hata hivyo hakumtazama Noa, wala hakimu. Alimgeukia Tuhfa, aone kama neno lile limemshangaza.

Halikumshangaza.